Mhojiwa wa Kumi na Saba

Saa mbili na nusu, feni za maktaba hazijawashwa,
nimeandika neno moja kwenye kompyuta ya dirishani:
ming'oko.
Ikazungusha kiduara chake, ikatafakari,
kisha ikaniuliza kwa adabu:
*Je, ulimaanisha mikoko?*

Sikumaanisha mikoko.
Mikoko ina rafu nzima, ina wafadhili,
ina vitabu vizito vyenye picha za kaa.
Mimi nasaka kiazi cha porini,
chembamba kama kidole cha mtoto,
kinachochemshwa kwa chumvi, kikauzwa fungu kwa fungu
pale stendi ya Mtwara, pilipili pembeni;
ndicho kilichotulaza usingizi
mwaka mahindi yalipogoma.

Mwalimu wangu kauliza kwa wino mwekundu:
"Chanzo? Nani kasema?"
Kauliza ubavuni mwa sentensi
niliyoijua kabla sijajua kusoma.

Bwana Nampunju wa dawati la rejea
alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati.
"Usivitafute kwa jina la nyumbani," akasema.
"Huku vyetu vimeandikishwa kwa majina ya ubatizo."
Akanichorea maneno mawili ya Kilatini
nyuma ya risiti ya maji.

Makala thelathini na moja!
Ishirini na nane zina kufuli:
dola arobaini, kusoma kwa siku moja.
Nikapiga hesabu ya magunia,
bado sijaweka nauli ya kutoka Nanguruwe.
Tatu zilizo wazi zinazungumzia nchi nyingine.

Nywila ya chuo ilikwisha muda mwezi wa tatu.
Bwana Nampunju aliijaribu hata hivyo, mara nne,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba anayojua wenyewe wamehama.
Umeme ukakatika.
Tukakaa kimya, sisi na gesi yetu iliyo chini ya ardhi.

Alhamisi akaniita kwa kidole.
Rafiki yake wa zamani, yuko mbali, kamtumia moja.
Kurasa ishirini na mbili, zikitoka moja moja,
printa ikilalamika kama mlango wa stoo.

Nilizisoma nimesimama.
Ukurasa wa tisa, jedwali la wahojiwa:
*Wa 17. Mwanamke. Miaka 43. Mchuuzi. Elimu: hakuna.*
Na chini yake, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi,
maneno yake.
Nikayarudisha nyumbani taratibu, neno baada ya neno:
"Mng'oko hauchimbwi wote.
Unabakiza kichwa ardhini,
ili mwakani usione haya kurudi."

*Usione haya kurudi.*
Hakuna mwingine asemaye hivyo.
Husema hivyo hata akiazima chumvi.

"Shangazi Somoe, uliwahi kuhojiwa?"
Simu ilijaa kelele za makonda.
"Na yule mwenye kofia? Alinipa sabuni mbili.
Aliniuliza kutwa nzima, nikakosa wateja.
Kwani kaandika?"
"Kaandika."
"Jina langu kaliweka?"
Nikamwambia mtandao unasumbua.

"Na wewe unatafuta nini huko,
wakati hayo hayo nilikwambia bure?"

Usiku nimepanga marejeo, kwa alfabeti, kama tulivyofundishwa.
Yule mwenye kofia jina lake linaanza na W.
Juu yake, mistari sita juu, nimeandika:
Likapa, Somoe. Mchuuzi wa ming'oko, Nanguruwe. Mazungumzo.
Kanuni inataka mwaka ndani ya mabano.
Mwaka upi?
Ule aliokuwa akimenya nami nikiwa mgongoni?
Ule wa sabuni?
Nimefungua mabano, nimeyafunga.
Katikati bado sijaweka kitu.